Kitufe Ambacho Msusi Hakukibonyeza

Mtaani walimwita Redio. Alikuwa seremala, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko msumeno wake. Ukimpelekea stuli iliyovunjika mguu, ulirudi na stuli nzima, na habari za mtaa mzima juu yake. Mkewe alisema, "Huyu hata akilala anaendelea na taarifa."

Halafu koo likaanza kumwuma. Hospitali wakampima, wakampima tena. Daktari hakuzungukazunguka.

"Mzee, uvimbe uko kwenye kisanduku cha sauti. Tutakitoa. Utapona, ila hutazungumza kama zamani."

Binti yake mdogo alikuwa msusi, tena mjamzito wa miezi sita. Aliwaza jambo moja tu: mwanangu hataisikia sauti ya babu yake.

"Baba, nitakurekodi," akamwambia. "Mwambie mjukuu wako chochote unachotaka."

"Chochote? Hiyo kadi ya kumbukumbu ya simu yako itatosha?"

Akamrekodi kwa siku tatu, pale karakanani. Zikapatikana video sita. Redio alieleza mbao nzuri hujulikanaje. Alieleza alivyomposa mkewe, na mkewe akawa anamkosoa kutoka dirishani. Mwisho akaimba wimbo wa kubembeleza, ule aliomwimbia msusi mwenyewe alipokuwa mchanga.

Saluni kulikuwa na kompyuta ya zamani, ya kupigia muziki. Msusi akachomeka kadi ya simu, akafungua programu ya kuhariri video. Alikuwa hajawahi kuigusa. Akajifunza kukata vikohozi. Akajifunza kuunga vipande. Wiki nzima alikwenda hivyo: kichwa kimoja, kipande kimoja. Siku aliyomaliza, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kompyuta ikamwambia kazi imehifadhiwa. Akaicheza yote palepale. Akafuta machozi kwa taulo la mteja, na mteja akajifanya haoni.

Akanakili lile faili kwenye flashi. Kisha akarudisha kadi kwenye simu. Kadi ilikuwa imejaa, na wateja walitaka misuko yao ipigwe picha. Akafuta video zote sita. Za nini tena, na filamu iko kwenye flashi?

Redio akapasuliwa. Akarudi nyumbani mzima, ana tundu shingoni, kimya. Alichotaka kusema alikiandika kwa penseli kwenye vipande vya mbao.

Jumapili mchana, familia ikakaa mbele ya televisheni. Msusi akachomeka flashi. Televisheni ikaandika kwamba hakuna cha kuonyesha. Akaichomoa flashi, akaipuliza, akaichomeka tena.

"Puliza na televisheni," mama yake akasema.

Msusi hakucheka. Alikimbilia saluni, na tumbo lake hilo. Kwenye kompyuta vipande vilikuwa vimepangwa vilevile, lakini kila kimoja kilikuwa cheusi. Juu yake maandishi mekundu yalisema video haipatikani.

Mlango wa pili alikaa Mama Pacha, mpiga video wa harusi. Aliangalia ile flashi mara moja tu.

"Hii si video, mdogo wangu."

"Dada, niliitazama kwa macho yangu."

"Uliitazama kadi ikiwa ndani. Ulichohifadhi ni maelekezo tu: kata hapa, unga pale. Baba yako akichora kiti kwenye karatasi, utaikalia karatasi?"

"Hapana."

"Basi huu ni mchoro. Mbao zilikuwa kwenye kadi. Umeitumia kadi tangu ulipofuta?"

Msusi akajibu polepole. "Kila siku. Picha za misuko."

Mama Pacha alishusha pumzi. "Kwa nini hukuniuliza? Napita hapa asubuhi na jioni."

"Niliona aibu, dada. Nilidhani ni kitu kidogo."

Mama Pacha alikuwa na programu ya kutafuta vilivyofutwa. Ilichambua kadi mpaka jioni. Video tano zilikwisha kufunikwa na misuko ya watu. Moja ilipona, ile ya kwanza kabisa. Redio alitokea, karibu mno.

"Inarekodi? Mbona naona pua tu? Mjukuu, mimi ndiye babu yako. Mama yako hajui kushika simu. Ngoja nikavae shati."

Akatoka. Ikabaki meza tupu, na video ikaisha.

"Sasa tukate hiyo meza tupu, kisha tuitoe vizuri," Mama Pacha akasema. "Kuhifadhi ni kwa ajili ya kuendelea na kazi kesho. Ukimaliza, tafuta kitufe kilichoandikwa Export, yaani kutoa video kamili. Chagua MP4, inafunguka karibu kila mahali. Ukubwa, 1080 inatosha. Ipe jina, na uangalie inakwenda folda gani."

Namba zikaanza kupanda. Msusi akanyoosha mkono.

"Usiguse. Ngoja ifike mia."

"Ikifika, nifute?"

"Ikifika, itazame mpaka mwisho, kwenye mashine nyingine. Weka nakala mahali pawili. Ndipo ufute, kama kweli una sababu."

Safari hii televisheni ilikubali. Redio alijitazama anakwenda kuvaa shati. Mabega yakatikisika kwa kicheko.

"Baba, nisamehe," msusi akasema. "Wimbo umepotea."

Redio akaandika kwenye ubao: Imba wewe. Unaujua.

Msusi akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba alikumbuka mistari miwili tu. Mama yake naye alikumbuka hiyohiyo miwili.

Mtoto akazaliwa, msichana. Siku hizi msusi hafuti kitu kabla ya kukitoa na kukitazama. Amemrekodi baba yake akipiga randa mbao za kitanda cha mtoto, na video hiyo iko kwenye flashi, kwenye kompyuta na kwenye simu ya mama yake. Wateja wanaokuja na simu zilizojaa huonyeshwa kile kitufe kabla hata ya kitana.

Mtoto alipofika miezi minane, msusi alicheza ile video fupi. Sauti ilipotoka, mtoto aliacha alichokuwa akichezea. Akatambaa moja kwa moja hadi kwenye televisheni, akapapasa kioo, akacheka.

Redio alikuwa amekaa mkekani nyuma yake, mikono wazi, akingoja ageuke.