Sauti ya Bibi Kwenye Kadi

Morenike alikuwa jikoni akikaanga akara, bagia za kunde. Baba yake, Alao, seremala wa mtaa wetu pale Ogbomosho, alimwita.

"Msomi wangu! Acha hayo mafuta kwanza."

Morenike alikuwa akisomea ukutubi, kazi ya maktaba, chuo kikuu. Baba yake alimjivunia mpaka majirani tukachoka.

Alimpa kadi ndogo ya kumbukumbu iliyotoka kwenye simu. "Sauti ya bibi yako imo humu. Itie kwenye kompyuta. Jumamosi tunamkumbuka. Nataka ukoo mzima umsikie akitusifu."

Bibi alikuwa amefariki. Hakuna mwingine aliyezijua nyimbo zote za sifa za ukoo wao.

Morenike aliazima kompyuta ya Mama Dayo, jirani aliyefanya kazi maktaba ya mji. Alichomeka kadi. Kompyuta ikasema kadi haisomeki. Je, aifomati ili itumike?

Morenike akatabasamu. Jibu alilijua kwa moyo. Mwalimu aliwasomea, wao wakaandika: kufomati ni kuandaa kadi ili itumike. Kwenye mtihani alipata alama zote. Lakini kompyuta ya idara yao ilifungiwa ofisini, imefunikwa kitambaa. Inauma kusema, ila ndivyo ilivyokuwa.

Akabonyeza ndiyo. Kadi ikafunguka, tupu. Akashikwa na hofu. Akaijaza nyimbo aone kama ni nzima.

Mama Dayo alipokuja kuchukua kompyuta yake, alishika kichwa. "Yee! Kufomati kunafuta, mwanangu!"

"Mama, mbona tuliandika kunaandaa?"

"Na nyimbo ukaweka juu yake! Kadi ikikataa kusomeka, itoe. Usibonyeze kitu, usiweke kitu. Mpelekee fundi, mara nyingi vilivyomo huokolewa. Na ikiwa inasomeka, nakili kwanza. Nakala mbili, kila moja mahali pake."

Fundi aliokoa kipande kifupi tu. Ndani yake bibi alikohoa, akauliza, "Alao, hicho kidude kimeshaanza?" Hapo ikakatika.

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Aliuliza taratibu, "Kwani huko chuoni mnafanya nini?"

Morenike alilipeleka swali hilo darasani. Wenzake walimcheka. "Karibu, mama wa alama zote!"

Mwalimu hakucheka. "Hata mimi nilifundishwa kwa chaki tu, bila kugusa kompyuta," alisema kwa aibu.

Akaenda kuzungumza na Mama Dayo. Tangu hapo, kila Ijumaa wanafunzi huenda maktaba ya mji. Huharibu kadi kuukuu kwa makusudi, kisha huokoa vilivyomo. Hunakili, hukagua, hurudia. Hakuna anayehitimu bila kufanya hivyo kwa mikono yake.

Juzi Morenike alirekodi nyimbo za mama mzazi wa Mama Dayo. Akatoa nakala mbili, akaifungua kila moja kuikagua. Bibi kizee alipiga makofi. "Ni mimi huyo!"

Baba Alao alisimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," alisema. Kisha akainama. "Mama yangu aliimba kumshinda huyu. Sasa nikisema hivyo, nani ataniamini?"