Asiniite Jioni

Shangazi mtu alikuwa na haraka. Giza linaingia, gauni la mteja bado halijatiwa vifungo, na karani wa posta amemweka foleni saa nzima kwa ajili ya kadi moja tu. Mwandiko ulikuwa wa kaka yake, aliyepelekwa vitani mwaka jana akamwachia binti wa miaka sita asiye na mama.

Akaisoma akitembea.

"Dada, mkanye mtoto asiniite, hasa jioni. Huku kuna kitu kinachoitika kwa sauti zetu, na kinafuata kadi mpaka majumbani. Watoto wa wenzangu watatu wameshachukuliwa. Asiniite kabisa."

Shangazi akasonya. Vita vimempanda kichwani, maskini. Mambo kama haya unamsomeaje mtoto? Mtoto mwenyewe hali, hacheki, na humtazama shangazi yake kama mwizi.

Basi alipoingia ndani na kuombwa asome, akasoma ya kwake.

"Mwanangu mpenzi, ukinikumbuka, simama mlangoni uniite. Nitakusikia."

Mtoto akacheka. Akakimbilia mlangoni.

"Babaaa!"

Shangazi akatabasamu, akachukua gauni lake na sindano.

"Babaaa!"

"Naam..."

Sindano ikamponyoka.

Sauti ilikuwa ya kaka yake hasa, nzito, ya mtu aliyetoka usingizini. Lakini uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu... ya nywele zilizoungua.

Akamvuta mtoto ndani, akapiga komeo. Mtoto akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka.

Kitu kikaegemea mlango. Mbao zikalia... kriii.

"Nifungulie," kikanong'ona.

"Wewe nani?"

"Baba."

"Kama ni wewe kweli, niite unavyoniitaga."

Kikajibu taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake:

"Shangazi... fungua, shangazi."

Kaka yake hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

"Toka hapa! Nani kakuita?"

"Mmeniita nyinyi. Mimi siji nisikoitwa." Kikacheka kidogo. "Ahsante, shangazi."

Kucha zikakwaruza ukuta, zikaizunguka nyumba polepole, zikatulia chini ya dirisha la chumba cha mtoto.

Shangazi akapiga magoti. Machozi yakimtoka, akaishika ile kadi na kumsomea mtoto ilivyoandikwa, neno kwa neno. Akakiri kwamba yale ya mwanzo aliyatunga mwenyewe, kwa huruma. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwongo wewe," akasema. "Kadi haikusema hivyo. Umemfukuza baba yangu."

"Haki ya Mungu, mwanangu..."

"Mimi si mwanao. Utalala tu. Ukilala, namwita."

Akalitazama dirisha, akavuta pumzi. Shangazi akauziba ule mdomo mdogo kwa kiganja chake, na meno yakaanza tena kumng'ata.