Mkono wa Bibi Klaasje

Kila siku baada ya shule Hilligje aliegemeza baiskeli yake kwenye ua wa Bibi Klaasje, akavua viatu mlangoni na kuingia jikoni kama kwao. Bibi Klaasje hakuwa bibi yake wa damu. Alikuwa jirani, mjane aliyebaki peke yake, na kwa kuwa bibi zake Hilligje walikwisha kufariki, wawili hao walikuwa wamechukuana. Bibi alimkatia kipande cha keki ya tangawizi, akampakia siagi nene, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kupiga nukta za rangi juu ya kitambaa cheusi mpaka zikawa maua. Kijijini mwao walikuwa wamebaki wanawake wachache tu waliovaa mavazi ya zamani kila siku, na yeye alikuwa mmoja wao.

Wiki hiyo Hilligje alikuwa na jambo kubwa. Ijumaa ilikuwa siku ya mababu na mabibi shuleni, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuzungumza mbele yao, slaidi zake zikionekana ukutani. Mada yake ilikuwa mavazi ya kijiji. Alimwalika Bibi Klaasje, naye akakubali baada ya kubembelezwa sana.

Mwalimu Roelof alikuwa ameliambia darasa kwamba kila picha ina watu wawili, aliyeipiga na aliyepigwa, na kwamba waulizwe kwanza. Asiyeweza kuulizwa aachwe. Maneno hayo yaliingia sikio moja la Hilligje yakatokea la pili. Picha za mtandaoni ni nyingi kama nini, nani atakaa kuulizia kila moja? Basi akapata moja iliyompendeza kupita zote: mama aliyevaa nyeusi tupu, njiani kwenda kanisani, mkono ameuinua mbele, kiganja wazi, nusu ya uso imefichwa nyuma yake. Chini ya picha kulikuwa na jina la kijiji tu. Hilligje akaongeza maneno yake mwenyewe: “Wanawake wetu ni wakarimu. Mama huyu anatupungia mkono.”

Ijumaa ukumbi ulinukia kahawa. Waliomba, wakaimba zaburi, kisha Hilligje akasimama. Mambo yalikwenda vizuri mpaka slaidi ile ilipotokea. Babu mmoja aliijibu picha kwa kuipungia, watu wakacheka, na Berend, anayekaa dawati moja na Hilligje, akapunga mikono yote miwili.

Bibi Klaasje hakucheka. Aliweka kikombe chini, akavuta shali yake mabegani, akatoka nje.

Hilligje alimwona. Alitamani kumkimbilia, lakini watu wote walikuwa wanamtazama na maneno yalikuwa hayajaisha, basi akaendelea kusoma bila kujua anasoma nini. Alipomaliza, bibi mmoja wa kijijini alikuwa akimnong'oneza mwalimu. Yule wa kwenye picha ni Klaasje mwenyewe, alisema, enzi za ujana wake, Jumapili ya kwanza baada ya kumzika Geert, mtoto wake wa pekee. Mgeni fulani wa mjini alimvizia na kamera kando ya ukuta wa kanisa.

“Hapungi mkono,” alisema yule bibi. “Anamkataza.”

Tena asubuhi ile mwalimu alikuwa ameshaweka slaidi kwenye ukurasa wa wazazi mtandaoni. Aliziondoa papo hapo, lakini mama yake Berend alikuwa amekwisha kumtumia dada yake picha ile, na dada huyo amewatumia wengine. Mwalimu aliwaandikia wenye tovuti ilikotoka picha. Hawakujibu.

“Itafutika lini, mwalimu?” aliuliza Hilligje.

“Sijui. Huenda isifutike.”

Hilligje alilia. Alikuwa amezoea kwamba mambo yakiharibika, mtu mzima huyatengeneza. Leo mtu mzima alikuwa mbele yake, mikono mitupu.

Jumamosi alikuta mlango wa Bibi Klaasje umefungwa. Alibisha, pazia likacheza, mlango usifunguliwe. Jumapili kanisani bibi hakuinua macho kutoka kwenye kitabu chake. Nyumbani Hilligje alimwomba mama yake aende kumsemea.

“Msamaha haulazimishwi, mwanangu,” alisema mama. “Kazi yako ni kuuomba. Mengine si yako.”

Akaenda tena Jumatatu bila kufunguliwa. Jumanne mlango ulifunguliwa.

“Nisamehe, bibi. Sikujua ni wewe,” alisema Hilligje.

“Na angekuwa mwingine?”

Bibi Klaasje aliketi.

“Nilimwambia yule bwana, tafadhali, leo hapana. Akapiga. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Nikajifariji kwamba angalau atakayeiona ataona ninakataa. Sasa wewe umenifanya niseme karibu.”

“Tumejaribu kuiondoa, bibi. Tumeshindwa.”

“Najua. Hata mimi nilishindwa.”

Akamkatia keki. Siagi alimwachia apake mwenyewe. Hilligje alipouliza kama anaweza kupiga picha ya kitambaa ili ayarudie mazungumzo yake darasani, bibi alikikunjua kitambaa mezani. “Kitambaa, sawa,” alisema. “Mikono yangu, hapana.”

Darasani Hilligje alionyesha maua yale ya nukta, na chini yake aliandika kwamba mwenyewe ameruhusu. Kisha ikaja slaidi isiyo na picha, yenye maneno tu: “Hapa palikuwa na picha. Mwenyewe alikataa.” Safari hii Berend aliificha mikono yake chini ya dawati.

Mwalimu Roelof alisimama. “Tukisoma ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo, tunafikiria mdomo,” alisema. “Lakini picha nayo hushuhudia, na maneno mnayoyaandika chini yake hushuhudia. Aliye kwenye picha ni jirani yako, hata kama humjui. Sura yake amepewa na Mungu, haikuumbwa iwe pambo la slaidi yako. Muulize. Ukishindwa kumuuliza, mwache. Mimi nami nilipaswa kukagua slaidi kabla ya kuzituma, na sikukagua.”

Berend akauliza kuhusu ile iliyoko mtandaoni. “Bado ipo,” alisema mwalimu.

Jioni Bibi Klaasje alitaka kujua darasa liliona nini pale ilipokuwa picha.

“Ukuta mtupu, bibi, na maneno kwamba ulikataa.”

“Vizuri,” alisema. Akavuta sahani ya Hilligje upande wake, akachukua kisu, akampakia siagi.