Sentensi Ina Mwenyewe

"Maziwa yamechacha. Narudia, maziwa yamechacha."

Sauti ya Dereva ilikwaruza sikioni mwa Chiriku. Maana yake ilikuwa moja: wamekujua, toka.

Alikuwa ameshageuka. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitasa.

Mlango wa chuma ukajifunga.

Kufumba na kufumbua, Kipara, baunsa aliyelinda mlango, alikichomoa kile kidude cha sikioni kama mtu anayemtoa mbwa kupe, akakisaga chini kwa kisigino. Ikafuata kalamu yenye kamera. Ikafuata saa. Kisha akamvua viatu, akavigonga sakafuni, akakuta kinasa sauti ndani ya soli.

"Dada, wewe ni binadamu au duka la redio?"

Alicheka. Bastola yake, Glock nyeusi, haikucheka. Ilimtazama Chiriku tumboni.

Kwenye Idara ya ujasusi walimpa Chiriku jina hilo kwa mzaha, maana chiriku ni ndege wa kelele na yeye maneno alikuwa akiyapima kwa kijiko.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu. Dirisha moja, lenye nondo nene. Feni ilining'inia darini bila kuzunguka. Hewa ilinuka zulia bichi na waya ulioungua. Juu ya meza palikuwa na kompyuta mpakato, ThinkPad kuukuu, nzito kama tofali, na kwenye kioo chake ukurasa aliokuwa akiujua kama kiganja chake.

"Kaa, mhakiki," akasema mtu mwenye suti ya kijivu.

Tai. Mtu aliyekuwa akisakwa na Idara nzima. Chiriku alikuja hapa akijifanya anatafuta kazi ya kuandika miongozo, akidhani ndiye mwindaji.

Akakaa.

Kwa miezi kadhaa Idara ilikuwa imempandikiza kwenye mradi wa programu huria inayoendesha mashine za oksijeni hospitalini. Programu huria ni mali ya wote: yeyote anaweza kuisoma, yeyote anaweza kuleta marekebisho. Mabadiliko ya programu yenyewe hupekuliwa na macho mengi makali. Lakini mwongozo, yale maelezo anayoyafuata fundi akiiweka kwenye mashine, ulikuwa na wahakiki wawili tu: Chiriku, na mstaafu aliyejiita Mwalimu. Hawakuwahi kuonana hata siku moja. Chiriku aliingia pale kijasusi.

Akaipenda kazi.

Marekebisho ya Tai yaliyokuwa kiooni yalionekana ya heri. Koma hapa, nukta pale. Na katikati yake, kama sindano ndani ya mto, sentensi moja: fundi apakue programu kutoka anwani mpya, tena aruke hatua ya kuhakiki muhuri wake, ile alama inayothibitisha kuwa haijachezewa.

"Idhinisha," akasema Tai.

"Si mna kompyuta? Idhinisheni wenyewe."

"Mzee yule anaijua sauti yako ya maandishi. Tumewachunguza. Ukisema ndiyo, naye husema ndiyo. Nikiandika mimi, atanusa."

"Halafu?"

"Halafu mchana huu mafundi wanaiweka. Hospitali zote zitapumua kwa ruhusa ya wateja wangu wa ng'ambo. Atakayebisha, tunazima."

Alilisema hilo kama mtu anayezungumzia taa za ukumbini.

Katika moja ya hospitali hizo, ndani ya kisanduku cha kioo, alilala mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Mtoto wa mdogo wake Chiriku. "Dada, leo amenishika kidole," mdogo wake alimwambia asubuhi kwenye simu. "Njoo basi. Mama mkubwa gani hajamwona mwanawe?"

Chiriku alilitazama dirisha. Nondo.

Akautazama mlango. Kipara.

Dereva, mwenzake wa Idara, alikuwa chini barabarani, ndani ya Land Cruiser, na hakujua ni ghorofa ipi. Akikataa, watamuua na kutafuta njia nyingine. Akiandika onyo, Tai anasoma kila herufi begani kwake. Jasho lilimteremka mgongoni taratibu, kama halina haraka ya kwenda popote. Nalo lilikuwa limefungiwa.

Kalamu, saa, viatu, vyote vimekwenda. Kilichobaki ni kazi yenyewe.

"Sentensi hii haipitiki," akasema.

Mdomo wa Glock ulimgusa shingoni.

"Ni mbovu," akaendelea. "Fundi ataisoma mara mbili, atauliza maswali. Mnataka maswali? Niacheni niinyooshe."

Tai alifikiri. "Maana isibadilike."

"Haitabadilika."

Akaifuta sentensi ya Tai, akaiandika upya. Fupi. Safi. Sumu ile ile, kikombe kizuri zaidi. Chini yake akaongeza:

*Shikamoo Mwalimu. Nimeiandika upya mwenyewe kuokoa muda. Naona iko sawa. Karibu uhakiki.*

Tai alisoma. Akarudia. "Kumbe kazi unaiweza! Tuma."

Akatuma.

Kipara alijipepea kwa kofia yake.

Wasichokijua Tai na Kipara kilikuwa mwiko mmoja, ambao haukuandikwa popote. Siku za mwanzo, Chiriku alipomsahihishia kijana mgeni sentensi kwa mkono wake, Mwalimu alimkanya. *Sentensi ina mwenyewe, binti yangu. Ukimwandikia, umemnyang'anya. Muulize, msifu, mwelekeze, airekebishe yeye.* Tangu siku hiyo Chiriku hakuigusa tena sentensi ya mtu. Hata ikiwa chafu namna gani.

Mpaka leo.

Kioo kikawaka.

*Marahaba, binti yangu. Leo umefanya haraka. Ngoja nitafute miwani.*

"Babu wa watu," Kipara akacheka. "Miwani iko usoni kwake!"

Vipi kama mzee hakuelewa? Vipi kama amechoka leo, akapitisha tu?

Simu ya Tai ikatetemeka mezani. Ikatetemeka tena. Kisha haikunyamaza.

Marekebisho yamezuiwa. Akaunti ya Tai iliyoyaleta imefungwa. Watu wa kujitolea, kila mmoja na pembe yake ya dunia, walikuwa wakiving'oa vyote vilivyowahi kuletwa na akaunti ile. Na juu kabisa, maneno ya Mwalimu:

*Huyu si binti yangu. Au ni yeye, na kuna mtu nyuma yake. Fungeni milango yote.*

"Umeandika nini?" Tai alibweka. "Kipara, njoo usome! Kaandika nini huyu?"

Kipara akainama asome.

Kosa.

ThinkPad ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Glock ikalia mara moja, kioo cha dirisha kikamwagika barabarani, bastola ikateleza chini ya meza. Chiriku aliifuata kwa tumbo. Alipoinuka, mdomo wa bastola ulikuwa umegeukia upande mwingine.

"Mikono juu. Simu ibaki hapo hapo."

Sasa Dereva alikuwa ameijua ghorofa. Mlango ulitoka na bawaba zake.

"Umeumia?" aliuliza akihema, pingu mkononi.

"Hapana."

"Nilikuambia maziwa yamechacha!"

"Nilisikia. Yalikuwa yameshanywewa."

Tai alikuwa bado anakitazama kioo cha ThinkPad, kilichopasuka pembeni. "Tulisoma kila kitu ulichokiidhinisha," akanong'ona. "Kila kitu."

"Mlisoma ndiyo zangu," akasema Chiriku. "Maoni yangu hamkuyasoma."

Akavaa viatu, akavuta kiti, akaandika: *Ni mimi, Mwalimu. Niko salama. Ahsante.*

Jibu lilichelewa kidogo, kama la mtu anayejifuta macho.

*Nilijua. Sasa, zile koma nyingine za yule bwana ni za haki. Tuzichukue?*

Chiriku alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akamgeukia Tai, aliyekaa sakafuni na pingu zake.

"Bwana, koma zako ni nzuri. Unaturuhusu kuzitumia?"

Tai aligeuza uso ukutani.

*Mwenyewe amekataa,* Chiriku akaandika. *Tutaandika zetu.*

Alishuka ngazi bila haraka, akasukuma mlango wa nje, akaruhusu jua limpige usoni. Akajifungia mkanda ndani ya Land Cruiser. Kijana wa Idara aliyekuja na Dereva akaachwa na wafungwa, naye Dereva akawasha gari.

"Makao makuu?"

"Hospitali," akasema Chiriku. "Kuna mtu hajanishika kidole."