Maziwa Hayafiki Mapafuni

Zilikuwa siku tamu, na Mama hakuchoka kuzikumbuka. Mumewe, Fundi, alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha betri, akichekecha unga wa metali iitwayo nikeli. Jioni alirudi na ovaroli nyeusi kwa vumbi. Watoto walimkimbilia mlangoni, wakamkung'uta huku wakicheka. Kisha alikunywa bilauri ya maziwa moto, kwani wakongwe wa kiwandani walimwambia yanasafisha kifua.

Sasa Fundi alikuwa bado palepale, na binti yao, kitinda mimba, alikuwa ameajiriwa huko huko, aanze wiki iliyofuata. Mama alimnunulia chupa ya kubebea maziwa, akaona amemaliza kazi.

Jirani yao alitunza panya kwenye maabara ya utafiti, basi wakamtania kwa jina la Mama Panya. Aliiona chupa, akauliza ni ya nini. Alipojibiwa hakucheka.

"Shoga, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi linakwenda mapafuni. Hayakutani."

Akawaeleza Mama na Fundi kazi yake. Kundi moja la panya huvuta hewa safi. Mengine huvuta hewa yenye unga wa nikeli, saa kadhaa kwa siku, kwa miaka miwili hivi. Chakula chao ni kilekile. Mwishoni mapafu yao huchunguzwa. Si kila aina ya unga ilileta saratani, alisema, lakini kwa aina kadhaa, waliovuta vumbi waliugua zaidi.

Mama aliwakumbuka wanawe wakicheka katikati ya vumbi lile.

"Panya si mtu," Fundi alisema.

"Kweli, shemeji. Lakini tumsubiri mwanao ndiye atuonyeshe kama mtu naye huugua?"

Kesho yake Fundi alimwendea msimamizi wa kiwanda. Alitaka feni ya kufyonza vumbi na barakoa za kulichuja. Alitaka sakafu ipigwe deki, isifagiwe kavu, na watu waoge na kuacha ovaroli kazini. Msimamizi alisuasua. Fundi na wenzake wakagoma kuchekecha mpaka feni ikafungwa na mengine yakatimizwa.

Ndipo binti akaanza kazi. Jioni walirudi pamoja, nguo safi, hewani hamna hata chembe ya vumbi. Mama alimwambia mumewe aende hospitali akapimwe kifua.

"Nitakwenda," Fundi alisema. "Mimi langu nimeshalivuta, mke wangu, siwezi kulirudisha. Lakini huyu hatalivuta."