Firigisi ya Jumapili

Jua lilikuwa linazama nyuma ya reli Asenath alipotoka mbio kwenda kwa Lusweti, jirani mwenye pikapu. Winny, binti wa Asenath, wa miaka saba, alikuwa akilia tumbo tangu jana. Upande wa kulia, chini. Asenath alifundisha bayolojia. Upande huo aliujua vizuri mno.

"Dakika kumi, mwalimu," Lusweti alisema. "Nabadilisha gurudumu tu nakuja."

Kweyu, mume wa Asenath, alikuwa zamu stesheni mpaka asubuhi. Nyumbani Asenath alimwacha mama mkwe, Muhonja, na mtoto.

Aliporudi, mlango ulikuwa wazi.

Harufu ikampokea kwanza. Samli iliyochacha... na udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa mchana huo.

Mwanamke asiyemjua alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, akimkanda Winny tumbo. Muhonja alikuwa ameishika miguu ya mtoto.

"Mama, huyu ni nani?"

"Punguza sauti, Mama Winny. Mtoto alitazamwa na mtu mwenye jicho baya akila. Chakula kimemganda tumboni. Huyu anakitoa."

"Ni apendiksi, Mama! Apasuliwe leo."

"Apasuliwe?" Muhonja alipiga makofi kwa mshangao. "Mtoto aliyetiwa jicho hata sindano hadungwi! Akidungwa anakufa papo hapo. Chuo kikuu chote kile, hili hawakukufundisha?"

Winny alisikia. Macho yakamtoka.

Asenath aliujua mchezo wa wafyonzaji, waganga wanaodai kufyonza chakula tumboni kwa mdomo: punje ya mahindi au kipande cha nyama hufichwa shavuni mapema. Akachukua tochi.

"Fungua mdomo," aliamuru, kwa sauti ile ile ya kuwanasa watafuna ubani darasani.

Mwanamke akafungua, bila kinyongo.

Asenath akamulika chini ya ulimi, ndani ya mashavu. Hakukuwa na kitu. Hakukuwa hata na jino. Na pumzi iliyotoka mle ilikuwa baridi.

Mwanamke akainama, akaweka midomo juu ya tumbo.

Fyooo... fyooo...

Akatema kwenye karai.

Tk.

Kipande cha firigisi. Kimeng'atwa na meno madogo, yenye pengo katikati.

Winny alikuwa na pengo.

Asenath akalimulika karai tena. Jumapili walichinja kuku. Firigisi, kwa desturi ya kwao, ni ya baba mwenye nyumba. Ila siku hiyo Kweyu alimpa bintiye, akicheka. Na Asenath, ambaye hajawahi kuionja tangu azaliwe, alimtazama mtoto akiitafuna... mpaka tonge la mwisho. Hakuna aliyejua alivyoimezea mate.

"Aliyeitamani," mwanamke alinong'ona, "yumo humu ndani."

Hakumtazama mtu.

Honi ikalia nje. Asenath akamnyanyua mtoto.

"Ukitoka naye, usiniite kumzika!" Muhonja alimkemea akiwa amesimama mlangoni. Asenath akampiga kikumbo, akapita.

Hospitalini Winny alishikwa na watu wanne. "Mama, wasinidunge! Nitakufa, mama!" Alipiga kelele hizo mpaka dawa ya usingizi ikamzima sauti.

"Nusu saa zaidi ingepasuka," daktari alisema baadaye. "Nani alimkanda hivi?"

Mtoto akapona. Wiki ya pili Muhonja akaligusia jambo lile, akichambua mboga.

"Ungemwacha yule mama uliyemtuma amalize kazi."

"Niliyemtuma mimi?"

"Si alisema ametumwa na mama ya mtoto?"

"Mama... mimi nilidhani ni wewe ulimwita."

Muhonja akaacha kuchambua. Wakatazamana. Wala hakuna kati yao aliyekuwa ameliosha lile karai, na asubuhi yake lilikutwa safi, firigisi haimo.

Asenath alimchorea Winny utumbo na kidole tumbo chake kwa chaki, kwenye sakafu. Mtoto alielewa yote, akajibu kila swali. Kisha akachukua sahani yake, akageukia ukuta, akala akiwa amempa mamake mgongo.

Siku hizi, kukipikwa kuku, Asenath hutoka nje. Si kwamba anaamini. Anasimama tu barazani, mgongo kwa mlango, akiwasikia wakitafuna.

Na mate yanamjaa mdomoni.