Kifo Kimoja, Majina Matatu

— Funga hiyo mashini, Djamali. Ijumaa njo ndoa yako. Macho yako hayakuona kitu.

Zéphirin, karani mwenzake, alisema hivyo akiwa amesimama nyuma ya kiti. Djamali alikuwa ameukodolea macho mstari mmoja kwenye kompyuta.

Ofisi yao pale mtaa wa Kasuku ina kazi moja tu, kuwatafuta watu waliopoteana wakati wa vita. Baada ya mapigano ya 2002, kila nyumba iliyorudi kutoka porini iliandikiwa kadi moja yenye namba moja, hata kama ina watu kumi, waliopotea na waliokufa nao wakiwamo. Waliokufa waliandikwa kwenye daftari jingine, na karani wa siku zile, kwa uvivu au kwa uchovu, aliandika umri na namba ya nyumba, jina akaliacha. Mwaka 2009 Djamali, kijana wa haraka haraka, akaingiza vyote kwenye kompyuta. Jedwali la watu na jedwali la vifo akayaunganisha kwa namba ya nyumba, wala umri hakuutazama. Haraka haraka haina baraka. Ukiiambia kompyuta kwamba nyumba 417 ina kifo, inamuua kila aliyemo.

Wiki hii wakubwa walitaka kila mtu apewe namba yake, na majedwali yaunganishwe upya, mtu kwa mtu. Ndipo Djamali akafika 417. Kifo kimoja, umri miaka miwili. Majina matatu: Salama, mume wake Yassine, na mtoto wao Nuru.

Salama huyo ndiye Djamali alikuwa amwoe Ijumaa.

Walijuana hapa hapa ofisini. Alikuja kuulizia habari za Yassine, waliyepoteana naye njia ya Punia, na Djamali mwenyewe akafungua mstari wa Yassine peke yake, bila kutazama mingine ya nyumba hiyo, akamsomea jibu, amekufa. Alimwona akilia, akasikia amekaa eda, akaanza kungoja. Alingoja miaka kumi na minne mpaka mwanamke akakubali. Kumbe muda wote huo alikuwa anangoja mke wa mtu.

Kilichommaliza kabisa ni jedwali la tatu, la wanaotafuta. Alipoliunganisha na mengine, jina la Yassine likatokea. Yuko Kampene, anawauzia wachimbaji makoleo. Naye alijibiwa kwamba nyumba yake yote imekufa. Mwaka jana alirudi kuuliza, na karani wa kule akaandika namba yake ya simu na maneno haya: "Anaomba kujua kaburi la mke na mtoto liko wapi."

— Ukimwambia Salama, umemupoteza, Zéphirin alisema.

— Nisipomwambia, nitalala na muke wa mutu.

Akamwandikia Salama: "Kuya ku ofisi. Usitume mutu."

Jibu likaja: "Niko kwa fundi wa nguo, ananipima. Iko nini?"

"Kuya tu."

Salama alishuka kwenye pikipiki akicheka, akiuliza kama bwana harusi ameshaanza kuogopa. Djamali akamkalisha, akamweleza. Mara ya kwanza hakuelewa. Akamwonyesha namba kwa kidole, safu hadi safu, na mara ya pili akaelewa vyote kwa pamoja.

— Kile kifo nilikuya kuandikisha mimi mwenyewe, alisema polepole. Nilitoka kumuzika Nuru kule pori na mikono yangu. Njo hicho mulichukua, mukamuulia baba yake?

— Njo hicho. Na wewe pia. Ni mimi nilifanya.

— Umejua tangu lini?

— Tangu juzi.

— Jana ulikunywa chai kwetu.

Djamali hakujitetea. Alimwambia kweli, kwamba mara mbili alitaka kuufuta ule mstari na mara mbili mkono ukamgomea, kwamba anampenda na hajui atayapeleka wapi mapenzi hayo. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Salama aliisogeza simu mbele yake.

— Piga ile namba ya Baba Nuru, alisema.

Djamali akapiga, akaifungua sauti wasikie wote, simu ikaita mpaka karibu kukatika.

— Allo? Nani?

Salama akainamia simu.

— Baba Nuru. Ni mimi, Salama.

Wakasikia mwanaume akilia kwa sauti, akimshukuru Mungu, akiita watu wa soko waje wasikie. Halafu sauti yake ikabadilika, ikajaa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyowakata maini.

— Salama, kama wewe iko muzima, basi walinidanganya yote. Nuru naye iko? Sasa ni mwanamuke mukubwa. Mupe simu, nisikie sauti yake.

Djamali akafunika uso. Siku tatu alikuwa akijihurumia, na hili hakuliwaza hata kidogo.

Salama akateremka kutoka kitini, akakaa sakafuni kama wanavyokaa wafiwa.

— Baba Nuru, kile kifo kilikuwa cha Nuru. Cha Nuru peke yake. Sisi wawili njo tulikufa bule.

Djamali akainuka aende kumwambia shehe kwamba Ijumaa hakuna ndoa. Alipofika mlangoni akawasikia, mmoja sakafuni na mmoja Kampene, wakimlilia mtoto wao pamoja kwa mara ya kwanza.